Kukata na Kukatika: Namna ya Kuiacha Kazi Ikiendelea Kwenye Seva Baada ya Kutoka

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili tuliingia katika ulimwengu wa kompyuta kupitia mlango wa kuchapa mitihani. (Nitatumia neno kompyuta, ubishi wa ngamizi na tarakilishi tuuachie siku nyingine.) Tulijifunza kufungua faili, kuandika, kuhifadhi na kuchapisha, na kwa muda mrefu hayo yalitutosha. Hata hivyo, utafiti wa lugha umetusukuma hadi vyumba vya ndani. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza viambishi vya unyambulishaji katika magazeti ya miaka kumi hawezi kuvihesabu kwa kalamu, na kompyuta yake ndogo aghalabu huelemewa. Hivyo huomba nafasi kwenye seva ya chuo, ambayo mara nyingi hutumia mfumo wa Unix au ndugu yake Linux, kisha akaiendesha kutoka mbali kwa kuandika amri. Huko ndiko linakozaliwa tatizo la makala haya.

Tatizo lenyewe ni kwamba ukianzisha kazi ndefu kwenye seva, kisha mawasiliano yako na seva yakaisha, kazi ile inaweza kufa pamoja na mawasiliano hayo. Nasema inaweza, kwa sababu wakati mwingine huendelea bila shida yoyote, na hapo ndipo penye mtego. Mtu hujaribu mchana ikafaulu, akaiamini, usiku ikamtupa.

Kisa cha saa nne na dakika ishirini na moja

Mwanafunzi mmoja wa idara yetu hapa Uganda alikuwa na kongoo, yaani mkusanyo wa matini zilizohifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi wa lugha. Mada yake ilikuwa kauli ya kutendeka: vunjika, someka, katika, pasuka na wenzake. Aliandika programu yake mwenyewe kwa lugha ya Python. Programu hiyo ilichukua kila neno, ikalivua viambishi kimoja baada ya kingine, kisha ikalinganisha mzizi uliobaki na orodha ndefu ya mizizi ya vitenzi. Haikuwa programu ya kasi. Yeye si mhandisi, wala mimi si mhandisi. Baada ya kuipima kwa sehemu ndogo ya data alikadiria kwamba kongoo yote ingehitaji saa kumi na nne. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya kukabidhi sura ya uchanganuzi, na msimamizi wake wa pili alikuwa akijiandaa kusafiri.

Mchana alifanya jaribio. Alianzisha programu akiweka alama ya & mwishoni mwa amri, alama inayoiambia Unix ipeleke kazi nyuma ya pazia ili dirisha la amri libaki huru:

python3 mizizi.py > matokeo.txt &

Kisha akaandika exit, akatoka. Baada ya nusu saa aliingia tena, akaikuta programu ikichapa kazi. Aliridhika. Jioni akaianza upya kwa data yote, na safari hii, kwa kuihurumia kazi yake, hakutoka kabisa. Aliacha dirisha wazi kwenye kompyuta ya mezani ya chumba cha wanafunzi, akafunga mlango, akaenda kula.

Asubuhi alikuja ofisini kwangu na sura ya mtu aliyefiwa.

“Mwalimu, shikamoo. Kazi imekufa, na mimi sikuifunga.”

Tulikaa pamoja tukatazama. Seva haikuwa imezimika. Amri ya uptime ilionyesha kwamba ilikuwa imewaka kwa majuma kadhaa, kwani iko katika jengo lenye jenereta. Faili la matokeo lilikuwa limeandikwa kwa mara ya mwisho saa 22:21, yaani saa nne na dakika ishirini na moja usiku. Mlinzi wa jengo letu, ambaye huandika kila tukio katika daftari lake, alikuwa ameandika kwamba umeme ulikatika saa mbili na dakika kumi usiku, ukarudi alfajiri. Kompyuta ya mezani haina betri, hivyo ilizimika papo hapo. Lakini mbona programu iliendelea kuishi zaidi ya saa mbili baada ya hapo, ndipo ikafa? Na kama tatizo ni mawasiliano kuisha, mbona mchana alipotoka haikufa?

Maswali haya mawili yalinifundisha kuhusu Unix zaidi ya kozi yoyote fupi niliyowahi kuhudhuria.

Simu iliyokatwa

Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na majina yanayotajwa kwanza ni Ken Thompson na Dennis Ritchie. Enzi hizo kompyuta moja ilihudumia watu wengi. Kila mtumiaji aliketi mbele ya mashine ya kuchapia iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, na aliyekuwa mbali aliipigia kompyuta simu, modemu ikageuza herufi kuwa sauti zinazopita katika laini. Je, simu ikikatwa? Kompyuta haina budi kujua kwamba upande wa pili hakuna mtu tena. Programu ikiachwa inangoja jibu la mtu aliyekwisha kuondoka, itakalia kumbukumbu ambayo wakati huo ilikuwa ghali sana. Tena mtu mwingine akipiga simu katika laini ileile angeweza kujikuta ndani ya kikao cha mwenzake.

Kwa sababu hiyo, kiini cha mfumo kilipewa ishara ya kutuma pale laini inapokatika. Ishara hiyo ni namba 1 katika orodha ya ishara za Unix, na jina lake, SIGHUP, limetokana na maneno ya Kiingereza yanayoeleza tendo la kurudisha mkono wa simu mahali pake. Programu inayoipokea, kama haikuandaliwa kufanya vinginevyo, hufa. Siku hizi hakuna mkono wa simu wala modemu. Tunaunganishwa na seva kwa intaneti kupitia programu ya ssh. Ishara imebaki na jina lake, na imebaki na kazi yake.

Sasa tuingie katika lugha yetu. Kiswahili kina njia mbili za kueleza tukio hili. Ninaweza kusema nimekata simu, yaani mimi mwenyewe nimekusudia. Ninaweza pia kusema simu imekatika, na hapo hakuna mtendaji: huenda ni umeme, huenda ni mnara, huenda ni salio. Jina la Kiingereza la ishara ile halitofautishi hali hizo mbili. Lakini ndani ya mashine tofauti hiyo ipo, na ndiyo iliyomponza mwanafunzi wetu.

Kati yako na kiini cha mfumo kuna programu inayopokea amri unazoandika na kuzitekeleza. Nitaiita sheli. Katika Linux nyingi sheli ya kawaida huitwa bash. Kila kazi unayoianzisha ni mtoto wa sheli yako. Ukiandika exit, yaani ukikata mwenyewe, bash hufunga shughuli zake na kuondoka, na kwa mazoea yake ya kawaida haiwatumii watoto wake walio nyuma ya pazia ishara yoyote. Wao huendelea. Lakini laini ikikatika, kiini cha mfumo huitumia bash ishara ya SIGHUP, na bash, kabla haijafa, huisambaza ishara hiyo kwa watoto wake wote. Nao hufa.

Basi mchana alikata, kazi ikabaki. Usiku ilikatika, kazi ikafa. Kwa maneno mengine, laiti angetoka kwa exit kama alivyofanya mchana, programu yake ingemaliza. Alichofanya kwa kuihurumia kazi ndicho kilichoiua.

Limebaki swali la saa mbili. Kompyuta ya mezani ilizimika ghafla bila kuaga, kwa hiyo seva haikupata habari. Kwa upande wake, ukimya haukuwa na maana ya msiba. Huenda mtu ameenda kunywa chai. Linux, isipoelekezwa vinginevyo, husubiri sekunde 7,200 za ukimya, ambazo ni saa mbili kamili, ndipo itume ujumbe mdogo wa kuuliza kama mwenzake bado yupo. Hutuma ujumbe huo mara 9, kwa nafasi ya sekunde 75, na isipojibiwa huhesabu kwamba laini imekatika. Hiyo ni dakika kumi na moja na robo juu ya zile saa mbili. Ongeza muda huo kwenye saa mbili na dakika kumi za daftari la mlinzi, nawe utafika saa nne na dakika ishirini na moja. Sijawahi kuliheshimu daftari la mlinzi kama siku ile.

Ikumbukwe kwamba si kila seva itasubiri kiasi hicho. Msimamizi wa mitambo anaweza kupunguza muda huo hadi dakika chache. Aidha, tabia niliyoieleza ni ya bash. Sheli nyingine mashuhuri, zsh, huwatumia watoto wake ishara ile hata ukitoka kwa hiari. Na bash yenyewe inaweza kurekebishwa ifanye hivyo. Kwa hiyo haifai kutegemea exit peke yake. Ni lazima useme waziwazi kwamba kazi hii isifungwe na laini yako.

Wazazi, yatima na misukule

Kabla ya dawa, niruhusuni kidogo nizungumzie msamiati, maana hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kuchangia. Unix husema kwa lugha ya ukoo. Mchakato, yaani programu iliyo katika utendaji, una mzazi na unaweza kuwa na watoto. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto huitwa yatima na huchukuliwa na mwingine, kwa kawaida mchakato namba 1, ambao ndio wa kwanza kuanzishwa mashine inapowaka. Ukiandika ps -ef utaona safu mbili za namba: ya kwanza ni ya mchakato wenyewe, ya pili ni ya mzazi wake. Kazi iliyobaki baada ya wewe kutoka mara nyingi utaiona na namba 1 katika safu ya pili. Kiingereza hulazimika kumwita huyo mpya mzazi vilevile. Sisi tuna neno mlezi, na wanafunzi wangu walilielewa jambo hili mara moja nilipowaambia kwamba kazi ile sasa ina mlezi badala ya mzazi.

(Ngeli nazo zilituletea vurugu. Mchakato uko katika ngeli ya U-I, lakini mara tu ulipoitwa mzazi darasa zima likaanza kusema “mzazi amekufa”. Sikuwasahihisha, upatanisho wao ulikuwa sahihi kabisa.)

Neno gumu zaidi ni la maiti wanaotembea. Unix huwa na michakato iliyokwisha kufa lakini jina lake bado limo katika orodha, kwa sababu mzazi hajapokea taarifa ya kifo. Kiingereza huiita zombi. Baadhi ya wanafunzi walipendekeza msukule, na kwa mara ya kwanza linaonekana neno zuri. Lakini msukule wa masimulizi ya Kiswahili anafanya kazi: watu wanaamini amekufa, kumbe usiku analima shamba la aliyemchukua. Mchakato zombi haufanyi chochote, hautumii hata chembe ya uwezo wa mashine isipokuwa mstari mmoja katika orodha. Huyo ni marehemu ambaye msiba wake haujatangazwa. Anayefanana na msukule hasa ni ile kazi ya nyuma ya pazia inayochapa usiku kucha wakati mwenyewe amekwisha kuondoka. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupeleka upande usio wake kabisa.

Dawa ya kwanza: nohup

Dawa ya zamani na inayopatikana karibu kila mahali ni amri ya nohup. Jina lake linasema lenyewe: kukatwa kwa simu kusihesabiwe. Huwekwa mbele ya amri unayotaka kuilinda, nayo huiambia programu ipuuze ishara namba 1. Mwanafunzi wetu alipaswa kuandika hivi:

nohup python3 -u mizizi.py > matokeo.txt 2> makosa.txt < /dev/null &

Kila kipande kina sababu yake. Alama ya & bado inahitajika, kwa sababu nohup hailipeleki jambo nyuma ya pazia; inalinda tu. Alama ya > huelekeza matokeo kwenye faili. Usipoitumia, nohup itayaweka katika faili liitwalo nohup.out, na ukiendesha kazi mbili katika folda moja zitachanganyana humo. Alama ya 2> huelekeza makosa kwenye faili lake, nawe utashukuru siku programu itakapokwama kwenye neno lenye herufi ya ajabu. Kipande cha < /dev/null huiambia programu kwamba haina mtu wa kumwuliza. Programu ya nyuma ya pazia ikijaribu kusoma kutoka kwenye kibodi husimamishwa, ikakaa hapo hadi utakaporudi, nawe ukidhani inafanya kazi.

Nami nisisitize ile -u ndogo, kwa sababu imewahi kuleta hasara kubwa kuliko umeme. Programu inapoandika kwenye faili haiandiki tone kwa tone. Hukusanya maneno katika kikapu, na kikapu kikijaa ndipo hukimimina. Programu inayotoa mstari mmoja kila baada ya dakika chache inaweza kukaa saa nzima faili likionekana tupu. Nimemwona mtu akitazama faili tupu, akahukumu kwamba kazi imekufa, akaianza tena bila kuisimamisha ya kwanza. Kazi mbili zikaandika katika faili moja, na matokeo yakawa uji. Kwa Python, -u huondoa kikapu hicho. Na kabla ya kuanza upya kazi yoyote, uliza kwanza kama ya zamani bado hai:

ps -u jina_lako

Mtego mwingine wa nohup ni mnyororo wa amri. Wapenda kongoo tunapenda kuunganisha amri kwa alama ya | ili matokeo ya moja yaingie katika nyingine: gawa maneno, panga, hesabu. Ukiweka nohup mwanzoni mwa mnyororo, inailinda amri ya kwanza tu. Zilizobaki hufa laini ikikatika, na mnyororo wote hukatika nazo. Dawa ni kuandika mnyororo wote ndani ya faili moja, tuseme kazi.sh, kisha kuliendesha faili hilo:

nohup sh kazi.sh > matokeo.txt 2> makosa.txt < /dev/null &

Ukiwa umekwisha kuanza

Mara nyingi mtu hukumbuka nohup baada ya kazi kuendelea kwa saa tatu, na hataki kuanza upya. Katika bash ipo njia. Bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na Z, kazi itasimama. Andika bg, kazi itaendelea nyuma ya pazia. Kisha andika:

disown -h %1

Amri hii huiambia sheli kwamba ikipokea ishara ya kukatika isimpelekee mtoto namba 1. Ni kama mzazi anayeapa kutompa mwanawe habari mbaya. Usisahau bg hapo katikati, kwa sababu kazi iliyosimamishwa huuawa hata ukitoka kwa exit. Upungufu wa njia hii ni kwamba, kama hukuelekeza matokeo kwenye faili tangu mwanzo, programu itaendelea kuandika kwenye dirisha ambalo halipo tena, na programu nyingi zikikutana na kosa hilo huanguka. Itumie ukibanwa.

Nyumba ndani ya nyumba

Dawa ninayoipenda mimi ni nyingine. Mwaka 1987 Oliver Laumann na Carsten Bormann, huko Berlin, walitoa programu iitwayo screen, na miaka ishirini baadaye, mwaka 2007, Nicholas Marriott akatoa nduguye aitwaye tmux. Zote mbili hufanya jambo lilelile: hujenga dirisha la amri ndani ya seva yenyewe. Programu yako inazungumza na dirisha hilo la ndani, wala haijui lolote kuhusu laini yako. Laini ikikatika, kinachokufa ni uzi kati yako na dirisha. Dirisha lenyewe linabaki seva, programu ikiendelea kuandika humo kana kwamba mtu bado ameketi mbele yake. Ishara ya kukatika haiifikii kamwe.

Ili kuanza andika:

screen -S mizizi

Utapata dirisha jipya. Anzisha kazi yako humo kama kawaida, hata bila &. Ukitaka kuondoka bonyeza Ctrl na a, achilia, kisha bonyeza d. Utarudi ulikotoka, na unaweza kutoka kwenye seva, kuzima kompyuta na kwenda nyumbani. Kesho, hata ukiwa kwenye kompyuta nyingine katika mji mwingine, ingia kwenye seva uandike:

screen -r mizizi

Dirisha litafunguka likiwa na yote yaliyoandikwa. Ukisahau jina, screen -ls itakutajia madirisha yako yote. Kwa tmux amri ni tmux new -s mizizi, kisha Ctrl na b halafu d, na kurudi ni tmux attach -t mizizi. Chagua mojawapo uizoee. Hakuna haja ya kujifunza zote mbili.

Tofauti ya vitendo kati ya nohup na screen ni hii: kazi ya nohup huwezi kuzungumza nayo tena. Unaweza kusoma faili lake, unaweza kuiua, basi. Kazi iliyo ndani ya screen unaweza kuirudia, kujibu swali lake, kuisimamisha na kuirekebisha. Kwa kazi iliyokwisha kukomaa, isiyouliza kitu, nohup yatosha. Kwa programu ya mwanafunzi ambayo bado inajikwaa, tumia screen.

Mambo yaliyo nje ya uwezo wa amri hizi

Mwaka 2016 programu ya systemd, ambayo huendesha huduma nyingi katika Linux za kisasa, ilibadilisha desturi katika toleo lake la 230. Ilianza kuua kila kitu kilichoachwa na mtumiaji anapotoka, zikiwemo screen na tmux. Watu walilalamika sana. Debian, miongoni mwa wasambazaji wengine, iliamua kutoifuata desturi hiyo. Hata hivyo msimamizi wa seva anaweza kuiwasha. Ukiona screen yako inatoweka kila ukitoka, usijilaumu, mwulize msimamizi. Zipo amri za kuomba ruhusa ya kukawia, loginctl enable-linger, na ya kuanzisha kazi nje ya kikao chako, systemd-run --user --scope, lakini ni vyema azikubali yeye kwanza.

Tena msimamizi ana hoja. Seva ni ya wote. Kazi iliyosahauliwa na mtu aliyehitimu mwaka juzi inaweza kuwa inakula kumbukumbu hadi leo. Anzisha kazi ndefu kwa nice -n 19 mbele yake, ili iwapishe wengine wanapohitaji mashine, na ukimaliza funga dirisha lako. Kama kazi imepotoka, tafuta namba yake kwa ps, uiue kwa kill na namba hiyo. Ile kill -9 inayopendwa na vijana iwe ya mwisho, kwa sababu hainyimi programu uhai tu, huinyima hata nafasi ya kuhifadhi ilichokwisha kukifanya.

Na seva yenyewe ikizimika, hakuna nohup wala screen itakayookoa kitu. Jenereta nazo huishiwa mafuta. Hapo dawa iko ndani ya programu: iandikwe ili kila baada ya maneno elfu kumi, tuseme, iweke alama mahali ilipofika, na ikianzishwa tena isome alama hiyo na kuendelea kutoka hapo. Mwanafunzi wetu alitumia alasiri moja kuongeza jambo hilo, kwa mistari isiyozidi kumi.

Jioni ya siku ya pili aliingia kwenye seva, akafungua screen, akaanzisha programu, akabonyeza Ctrl na a kisha d, akaandika exit. Akanionyesha skrini tupu, akacheka, akaondoka. Usiku ule umeme ulikatika tena katika jengo letu kwa muda mfupi, mlinzi aliandika. Asubuhi tuliandika pamoja screen -r mizizi, na dirisha likafunguka likionyesha kwamba kazi imekwisha.

Tulifungua faili la matokeo kwa hamu. Juu kabisa ya orodha, likiwa limeyaacha mbali maneno mengine yote, lilikuwa neno katika. Programu ilikuwa imekivua kihusishi chetu hicho kama kitenzi, ikapata mzizi kat, ikakuta kiambishi ik, ikaridhika. Kwa bahati marekebisho yake hayakuhitaji saa kumi na nne nyingine wala screen:

grep -v -w katika matokeo.txt > safi.txt

Amri hiyo iliondoa kihusishi na kuacha imekatika, zilikatika na yatakatika mahali pao. Akakabidhi sura yake ikiwa imebaki siku moja.